Mwangwi Chini ya Matope: Ardhi ya Baharini Inavyopimwa Kabla ya Daraja Kusimama

Nguzo ya daraja linalovuka bahari ina sehemu mbili: ile wanayoiona wapita njia, na ile iliyozama majini na kufukiwa ardhini. Aghalabu ya pili ndiyo ngumu zaidi kujenga, na ndiyo inayoamua kama daraja litadumu. Hesabu za zege na chuma zinaweza kuwa sahihi kabisa, lakini zege na chuma hivyo vitakalia kitu ambacho hakuna jicho lililowahi kukiona: tope lililotua kwa maelfu ya miaka, mchanga wa mto uliokufa zamani, mawe ya matumbawe yenye mapango, au mwamba unaoporomoka ghafla. Kuifahamu ardhi hiyo kabla ya nguzo ya kwanza kusimikwa ni kazi ya upimaji wa kijiofizikia wa majini. Upimaji huu hutegemea sauti kuliko kitu kingine chochote. Majini mwanga hufifia upesi, na kwenye hori zenye tope hupotea baada ya mita chache. Mawimbi ya redio ya kawaida hayafiki popote. Sauti husafiri mbali, na ikitolewa kwa nguvu na kwa mtindo unaofaa hupenya hata chini ya sakafu ya bahari.

Njia kongwe ya kuijua ardhi ni kuitoboa na kutoa sampuli, na mpaka leo hakuna mhandisi mwenye busara anayejenga bila kutoboa. Ila tundu husema ukweli kuhusu mahali lilipopita tu. Tundu la kawaida lina kipenyo cha sentimita 10 hivi, ilhali msingi wa nguzo moja kubwa unaweza kuwa na upana wa makumi ya mita. Tena baharini kutoboa ni ghali: huhitaji jukwaa lenye miguu ya chuma inayoshushwa hadi sakafuni, au meli iliyotiwa nanga pande zote. Bahari ikichafuka, mtambo unasimama na gharama zinaendelea. Kwa hiyo matundu huwa machache na mapengo kati yake huwa makubwa. Mchoraji akiliunganisha tabaka la udongo la tundu la kwanza na la tundu la pili kwa mstari ulionyooka, mstari huo ni dhana yake. Ni kama nahodha aliyetia bildi mara mbili kwenye mlango wa bandari, akatangaza kwamba ameijua njia nzima.

Na ardhi ya chini ya milango ya bahari hainyooki hivyo. Takriban miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipofunika sehemu kubwa za kaskazini ya dunia, maji mengi yalifungwa katika barafu hiyo, na usawa wa bahari ukawa chini ya huu wa leo kwa takriban mita 120. Mito ilichonga mabonde marefu kuifuata bahari iliyorudi nyuma. Barafu ilipoyeyuka, bahari ilipanda, ikaingia katika mabonde hayo, na matope yakaanza kuyajaza. Pwani ya Afrika Mashariki inaonyesha jambo hili vizuri: maji ya Kilindini na Tudor yanayokizunguka kisiwa cha Mombasa, hori za Mtwapa na Kilifi, na bandari ya Dar es Salaam, yote ni mabonde ya mito yaliyozama. Juu huonekana hori pana na tulivu. Chini ya tope huenda kuna korongo lililofukiwa, lenye kingo za mawe ya matumbawe, na sehemu yake laini kuliko zote ikawa palepale ambapo daraja litahitaji nguzo za katikati.

Ulaini wa ardhi peke yake si balaa kama wengi wanavyodhani. Yako madaraja marefu yaliyojengwa juu ya matope ambayo mwamba wake haufikiki. Hatari kubwa zaidi ni badiliko lisilojulikana. Nguzo moja imekaa juu ya mwamba, jirani yake juu ya tope. Ya kwanza haishuki, ya pili inashuka kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na sitaha iliyolala juu ya zote mbili inapinda na kupasuka. Tetemeko la ardhi likija, mambo huwa mabaya zaidi, kwa kuwa tope hutikisika kwa namna yake na mwamba kwa namna yake. Ndiyo maana swali kuu la upimaji wa majini si tu kama ardhi ni ngumu au laini, bali inabadilika wapi, na kwa ghafla kiasi gani.

Kuipima sakafu

Kazi huanzia mezani: ramani za bahari za zamani, picha za angani, kumbukumbu za matundu yaliyotobolewa wakati gati za karibu zilipojengwa. Kisha mashua ya upimaji hutoka na kwenda na kurudi kwa mistari sambamba kufuata njia ya daraja, halafu huikata mistari hiyo kwa mingine inayoikingama. Mistari ya kukingama si pambo. Mahali miwili inapokutana, kipimo cha wa kwanza lazima kilingane na cha wa pili. Kisipolingana kuna kosa, na ni afadhali ligunduliwe mashua ikiwa bado majini.

Kipimo cha kwanza ni kina. Chombo kilichofungwa chini ya mashua hutoa mlio mfupi, mlio hugonga sakafu, mwangwi hurudi. Katika maji ya bahari sauti huenda takriban mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo sakafu iliyo mita 30 chini hurudisha mwangwi baada ya sehemu 4 za mia za sekunde. Hesabu ni nyepesi. Ugumu uko katika mwendo wenyewe wa sauti, unaobadilika kwa joto na kwa chumvi. Kwenye mdomo wa mto, maji baridi ya mvua hutanda juu ya maji ya chumvi, na sauti inayopita matabaka hayo mawili hupinda. Mpimaji asiposhusha kipimo cha mwendo wa sauti mara kwa mara, atachora sakafu iliyojikunja ilhali imelala bapa.

Zamani chombo kilipima nukta moja iliyo moja kwa moja chini ya mashua. Siku hizi hutumika sonari ya miali mingi, inayotoa mamia ya miali kwa wakati mmoja na kufagia ukanda wenye upana mara kadhaa ya kina cha maji. Matokeo yake ni ramani ya sakafu yote bila kuruka mahali, inayoonyesha mifereji, mawe, miamba iliyochomoza na hata alama za nanga zilizoburutwa.

Lakini ramani hiyo ina thamani tu ikiwa kila mwangwi unajulikana ulitoka wapi. Mashua hupokea ishara za setilaiti zinazosahihishwa na kituo kilichopo nchi kavu, na hivyo mahali pake hujulikana kwa usahihi wa sentimita chache. Vihisio vingine hupima jinsi inavyolala ubavuni, inavyoinama mbele na inavyopanda na kushuka kwa wimbi. Kupwa na kujaa huondolewa katika hesabu. Kwenye pwani ya Kenya na Tanzania hili si jambo dogo, maana siku za bamvua maji hupanda na kushuka kwa mita 3 na zaidi. Ramani isiyosahihishwa ingeonyesha sakafu inayocheza na mwezi.

Pamoja na kina hupigwa picha ya sakafu kwa sonari ya pembeni, chombo chenye umbo la samaki kinachovutwa nyuma ya mashua. Hutupa sauti kulia na kushoto, na vitu vilivyosimama juu ya sakafu hutoa vivuli: jiwe kubwa, meli iliyozama, bomba, jahazi la zamani. Magnetomita huvutwa pia ili kunasa chuma kilichofukiwa, iwe nyororo, kebo au bomu. Katika bahari za Ulaya ya Kaskazini, ambako mabomu ya vita vikuu viwili vya dunia bado yamelala mchangani, kwa kawaida mtambo wa kutoboa hauruhusiwi kugusa sakafu kabla ya uchunguzi wa aina hii kukamilika.

Kushuka chini zaidi

Sehemu iliyo kiini cha kazi ni kuona kilicho chini ya sakafu. Sauti inapokutana na mpaka wa tabaka mbili zisizofanana kwa uzito na kwa mwendo wa sauti ndani yake, sehemu yake hurudi na sehemu huendelea chini. Mashua inaposonga, miangwi hiyo hupangwa ubavu kwa ubavu hadi ikatoa mchoro unaofanana na ardhi iliyokatwa kwa kisu. Tabaka zilizotulia huonekana kama mistari sambamba, bonde lililofukiwa huonekana kama bakuli, na mwamba huonekana kama ukingo mweusi wenye makunyanzi ambao chini yake hakuna kitu tena.

Hapa mpimaji hulazimika kuchagua, na hawezi kupata vyote. Sauti nyembamba, yenye masafa ya juu, hutenganisha tabaka nyembamba lakini huchoka upesi; sauti nene hushuka mbali lakini huona mambo makubwa tu. Kwa kawaida tabaka hutambulika ikiwa unene wake haupungui robo ya urefu wa wimbi. Katika tope, mawimbi 10,000 kwa sekunde yana urefu wa sentimita 15, hivyo yanaweza kuonyesha tabaka za sentimita 4 hivi. Mawimbi 1,000 kwa sekunde yana urefu wa mita moja na nusu, na tabaka lisilofika sentimita 40 huyapita bila kuonekana. Ndiyo sababu mashua moja hubeba vyombo kadhaa. Kipo kinachotoa mlio unaopanda kwa mpangilio maalumu, kizuri kwa tope laini. Kipo chenye bamba la chuma linalorushwa na umeme uliohifadhiwa, kinachopenya mchanga. Kipo kinachopiga cheche za umeme majini. Cheche hugeuza maji kuwa mvuke, kiputo hutanuka, na mshindo wake hushuka makumi ya mita na zaidi. Harold Edgerton wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, anayejulikana zaidi kwa picha za risasi zikipasua tufaha, alikuwa miongoni mwa walioviendeleza vyombo vya namna hii katika karne ya 20.

Cheche ina sharti moja: huhitaji maji ya chumvi, kwa sababu maji hayo hupitisha umeme vizuri. Ziwani haifai bila kufanyiwa ujanja. Kwa nchi zinazojenga madaraja baharini na katika maziwa makuu pia, hilo ni jambo la kukumbuka kabla ya kukodi vyombo.

Mchoro wa mwangwi hudanganya, na asiyejua hila zake ni afadhali asiusome. Katika maji ya kina kifupi sauti hurudi juu, hugonga uso wa maji, hushuka tena na kurudi mara ya pili. Kwenye mchoro huonekana sakafu nyingine kwa kina maradufu, nzuri na iliyonyooka, ambayo haipo. Gesi ni adui mwingine. Matope yaliyojaa majani na mizizi iliyooza, kama yale ya mikoko, hutoa methani, na viputo vichache tu vinatosha kuinyonya sauti hata mchoro wote wa chini ukawa kiza. Mpimaji hawezi kufuta kiza hicho. Anachoweza kufanya ni kukichorea mipaka na kusema wazi kwamba hapa sauti imeshindwa, tundu litobolewe. Kuna kishawishi kikubwa cha kuendeleza mistari ndani ya kiza ili ramani ipendeze, na ramani ya namna hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na ramani.

Tena mchoro huhesabu muda, si mita. Kuugeuza muda kuwa kina kunahitaji kujua sauti ilipita kila tabaka kwa mwendo gani, na mwendo huo hutofautiana: katika tope laini unakaribiana na ule wa maji, katika mwamba mgumu kama itale hufika mita 5,000 kwa sekunde. Njia mojawapo ya kuupima ni kulaza sakafuni msururu wa haidrofoni, yaani vinasa sauti vya majini, kutoa mshindo, na kuangalia mawimbi yaliyopinda na kukimbia sambamba na mwamba yanafika baada ya muda gani. Njia hii husaidia hata kukadiria ubora wa mwamba, kwa kuwa mwamba uliooza hupitisha sauti polepole. Ila ina upofu wake: tabaka la mwendo wa polepole likilala chini ya tabaka la mwendo wa kasi halionekani. Jambo hilo linagusa moja kwa moja pwani zenye matumbawe, ambako ganda gumu la chokaa linaweza kufunika mchanga au udongo laini. Mtu atakayeamini kipimo hiki peke yake ataona mwamba, ataweka nguzo, na nguzo itakuwa imekalia kifuniko.

Mwangwi na tundu

Mchoro mzuri kuliko yote hausemi tabaka fulani ni udongo wa mfinyanzi au mchanga. Husema tu kwamba kitu kimebadilika, na wapi. Jina na nguvu ya tabaka hutoka kwenye tundu. Thamani ya upimaji wa sauti basi ni kuonyesha mahali pa kutoboa: tundu moja katikati ya bonde lililofukiwa, moja kwenye ukingo wake, moja ndani ya kiza cha gesi, na machache mahali ambapo tabaka zimelala sawa na hazina siri. Miradi mingi hufanya kinyume. Matundu hutobolewa kwa vipindi vinavyolingana, kila mita kadhaa, kana kwamba ardhi iliumbwa kwa rula, kisha mashua ya upimaji huitwa baadaye kueleza kwa nini matundu hayakubaliani. Fedha iliyookolewa mwanzoni hulipwa wakati nguzo zinazopigiliwa zinapokataa kushuka au zinaposhuka bila kusimama.

Tundu lenyewe hupimwa kwa namna kadhaa. Sampuli hupelekwa maabara. Koni ya chuma husukumwa ardhini taratibu huku ikisoma ukinzani wa ncha, msuguano wa ubavuni na shinikizo la maji. Na ndani ya tundu hushushwa chombo cha kupima mawimbi ya mkwaruzo, yale yanayotikisa ardhi upande kwa upande. Maji hayapitishi mawimbi hayo kabisa, kwa hiyo mwendo wake hutegemea ugumu wa udongo wenyewe, si maji yaliyojaa ndani yake. Wahandisi wa matetemeko huuthamini mno: kwao ndio msingi wa kukadiria jinsi ardhi itakavyokuza mtikisiko.

Ghuba ya San Francisco, Marekani, inaonyesha jinsi vipande hivi vinavyoungana. Daraja linalounganisha mji wa San Francisco na Oakland lilifunguliwa mwaka 1936. Upande wake wa mashariki nguzo nyingi zilisimama juu ya magogo yaliyopigiliwa katika tope la ghuba. Tarehe 17 Oktoba 1989 tetemeko la Loma Prieta, lenye ukubwa wa 6.9, liliangusha kipande cha sitaha ya juu na mtu mmoja akafa darajani. Baada ya miaka ya mabishano iliamuliwa upande wote wa mashariki ujengwe upya, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mashua za upimaji na mitambo ya kutoboa zikaingia ghubani.

Kilichoonekana ni historia ya bahari kupanda na kushuka, tabaka juu ya tabaka. Juu kabisa kuna tope changa, laini, lililotua baada ya bahari kurudi. Chini yake kuna mchanga na udongo mgumu zaidi wa zama zilizotangulia, na ndani yake mifereji iliyochongwa na maji wakati bahari ilipokuwa mbali, kisha ikajazwa. Mwamba uko karibu na uso kwenye kisiwa cha Yerba Buena, halafu unateremka kwa kasi kuelekea mashariki hadi zaidi ya mita 100 chini ya maji. Ramani ya mteremko huo ilikuwa na matokeo makubwa. Mnara pekee wa sehemu ya kuning'inia ya daraja jipya uliwekwa karibu na kisiwa, ambako nguzo zake za msingi zingeweza kuufikia mwamba. Kwingineko mwamba uliachwa. Sehemu ndefu ya barabara ya juu ilikaa juu ya mabomba 160 ya chuma, kila moja likiwa na kipenyo cha mita 2.5, yaliyopigiliwa takriban mita 100 chini, mengi yakiwa yameinamishwa ili yahimili mtikisiko wa pembeni. Hayakugusa mwamba. Yanashikwa na msuguano wa udongo mgumu wa kale, na urefu wake uliweza kukadiriwa kwa sababu tabaka hizo zilifuatwa kwa sauti kutoka tundu hadi tundu. Daraja jipya lilifunguliwa Septemba 2013.

Ugiriki jibu lilikuwa tofauti. Kati ya Rio na Antirio, kwenye mlango wa Ghuba ya Korintho, maji yana kina cha hadi mita 65, na uchunguzi haukuufikia mwamba hata kwa kina cha takriban mita 100 chini ya sakafu. Eneo ni la matetemeko, na kingo mbili za ghuba zinaachana taratibu. Wabunifu waliacha wazo la kuitafuta ardhi ngumu wakaiimarisha iliyopo: mabomba ya chuma ya kipenyo cha mita 2 na urefu wa mita 25 hadi 30 yalipigiliwa sakafuni, yakafunikwa kwa changarawe iliyosawazishwa, na juu yake vikawekwa vitako vya zege vyenye kipenyo cha mita 90 bila kufungwa kwa chochote. Tetemeko kubwa likija, kitako kinaweza kuteleza juu ya changarawe badala ya kuvunjika. Kinachovutia zaidi ni kwamba kati ya nguzo kuu nne, tatu tu ndizo zilizopewa mabomba. Chini ya ile ya nne kuna tabaka nene la changarawe ya asili, na likaonekana kutosha. Uamuzi wa kuijenga nguzo moja tofauti na dada zake huwezekana pale tu ardhi inapojulikana nguzo kwa nguzo. Daraja lilifunguliwa Agosti 2004.

Afrika Mashariki sasa inajenga juu ya maji kuliko wakati wowote uliopita. Daraja la Nyerere linaliunganisha Kigamboni na Kurasini tangu 2016, Daraja la Tanzanite likafuata jijini Dar es Salaam mwaka 2022, na Kenya ina mpango wa muda mrefu wa daraja refu la nyaya juu ya mlango wa Likoni, Mombasa. Mwaka 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, juu ya Ghuba ya Mwanza ya Ziwa Viktoria.

Ziwa hilo lina historia yake katika upimaji wa sauti. Katika miaka ya 1990 wanasayansi walipitisha vyombo vya mwangwi juu yake, wakaona chini ya matope laini mpaka mkali uliosambaa ziwani kote, kama uso wa nchi kavu uliofukiwa. Sampuli zilizotolewa kwa mabomba marefu zilithibitisha: ziwa lilikuwa limekauka, na maji yakarudi takriban miaka 15,000 iliyopita. Mwangwi uliona mpaka, sampuli ikasema ni mpaka wa nini. Ni utaratibu uleule wa daraja. Na Mwanza kuna ugumu wa pekee, ule unaoonekana hata kutoka barabarani: mawe ya itale yaliyobebana juu ya vilima na kuchomoza majini. Ardhi ya namna hii ikifunikwa na tope humtega mtoboaji. Chuma kinagonga jiwe, yeye anaandika mwamba, kumbe ni bonge lililolala ndani ya udongo uliooza. Kwa sababu hiyo hutakiwa aendelee kutoboa mita kadhaa ndani ya jiwe kabla ya kuliita mwamba. Mchoro wa sauti humsaidia hapa, maana bonge la jiwe hutawanya mwangwi na kuacha alama yenye umbo la mwavuli, ilhali mwamba halisi huendelea kutoka mstari mmoja wa mashua hadi mwingine.

Nguzo zikishasimama, maji huanza kufanya kazi juu yake. Mkondo ukigonga nguzo huzunguka na kuchimba sakafu mguuni pake, na ukisaidiwa na uchimbaji wa mchanga shimo hukua haraka zaidi. Tarehe 4 Machi 2001, nchini Ureno, nguzo moja ya daraja la Hintze Ribeiro juu ya mto Douro iliporomoka baada ya sakafu kuliwa na maji katika mto ambao mchanga wake ulikuwa umechotwa kwa miaka mingi. Basi na magari yakatumbukia, watu 59 wakafa. Kinga yake ni kurudi na sonari ileile ya miali mingi kila baada ya muda, na hasa baada ya mafuriko, kuutoa mchoro mpya kutoka katika wa zamani, na kusoma tofauti: mahali palipojaa, mahali palipochimbika, na ni mita ngapi za nguzo zilizokuwa ardhini ambazo sasa zimebaki wazi.